Kichaa cha mbwa: Ubongo wa mtoto hulindwa kwa kumchanja mbwa

Kichaa cha mbwa ni maambukizi ya ubongo. Kirusi chake hukaa kwenye mate ya mnyama mgonjwa na huingia mwilini kwa jino. Machochwe na kata nyingine za Wilaya ya Serengeti, mkoani Mara, mbwa ni sehemu ya mji kama lilivyo zizi: hulala karibu na ng'ombe usiku, huongozana nao malishoni mchana, hufuatana na watoto kila wanakotumwa. Ikitokea mbwa amebadilika, anamvamia kila anayepita na kung'ata hata vijiti, kelele hupigwa, watu hutoka na fimbo, mbwa huuawa na kufukiwa. Jioni jambo lile huhesabiwa limekwisha. Aliyeng'atwa hufungwa kitambaa, na kidonda kikikauka husahaulika. Kwa kirusi, hapo ndipo kazi inaanza.

Kosa kubwa linaloendelea kufanyika, vijijini na kwenye meza za bajeti pia, ni kuuhesabu ugonjwa huu kuwa wa hospitali. Hakuna wodi inayouweza. Unashindika mahali pawili tu: kwenye kidonda, siku ileile mtu alipong'atwa, na kwa mbwa mwenyewe, kabla hajamng'ata mtu. Hapo pa pili ndipo penye nafuu na penye haki, kwa kuwa pa kwanza huiachia mzigo wote familia moja yenye bahati mbaya. Chanjo ya mbwa ya kila mwaka inastahili kuwa fungu la kudumu la afya ya binadamu. Kuiacha isubiri mradi wa wafadhili ni kuzichezea roho za watoto.

Safari ya kirusi mwilini

Kirusi kikiingia kidondani huweza kukaa kwenye misuli kwa siku au majuma kikizaliana polepole. Kisha hupenya kwenye ncha za mishipa ya fahamu na kuanza kupanda, kidogo kidogo kila siku, kuelekea uti wa mgongo na hatimaye ubongoni. Hakipiti kwenye damu. Ndiyo maana vipimo vya damu vya kawaida havionyeshi kitu katika kipindi hicho, na kinga ya mwili hailetewi taarifa. Kwa wengi, muda kati ya jino na dalili ya kwanza ni miezi miwili au mitatu. Kwa wengine ni wiki moja, kwa wachache hufika hata mwaka. Aliyeng'atwa usoni au kichwani ana muda mfupi kuliko aliyeng'atwa mguuni, na mtoto, kwa kimo chake, ndiye hung'atwa usoni.

Dalili za mwanzo hazimtishi mtu: homa, uchovu, kidonda kilichokwisha kupona kuanza kuwasha au kufa ganzi. Baadaye hufuata kile kinachowafanya wauguzi wazoefu wajue bila kuambiwa. Mgonjwa ana kiu lakini akisogezewa kikombe koo linakaza na mwili unashtuka. Upepo tu ukimpiga usoni hutaharuki. Kirusi kimefika kwenye shina la ubongo, mahali panapoendesha kumeza na kupumua, na kutoka hapo kimeteremka hadi kwenye tezi za mate kutafuta njia ya kumpata mwingine. Wapo pia wasiofanya fujo hata kidogo: takriban mmoja kati ya wagonjwa watano hupooza taratibu, kuanzia mahali palipong'atwa, na huweza kufa bila yeyote kumtaja mbwa.

Jambo gumu kuliko yote kwa familia ni kwamba akili ya mgonjwa haiondoki moja kwa moja. Kati ya mshtuko mmoja na mwingine hutulia, hutambua watu, huzungumza, huomba kufunguliwa kamba. Watafiti waliochunguza ubongo wa waliokufa kwa ugonjwa huu wamekuta mara nyingi uharibifu mdogo kuliko walivyotarajia. Seli zipo, ila mawasiliano kati yake yamevurugika. Kirusi hujificha kwa kuzima ishara ambazo seli hutumia kuita msaada, na ukuta unaotenganisha damu na ubongo hubaki umefungwa, hivyo kingamwili zilizoko kwenye damu hazifiki zinakohitajika. Mwaka 2004 madaktari wa Wisconsin, Marekani, walimlaza msichana mmoja kwa dawa za usingizi mzito akapona, na dunia ikapata matumaini. Njia hiyo ilijaribiwa tena mara nyingi katika nchi mbalimbali na ikashindwa karibu kila mara. Dalili zikishatokea, ugonjwa huu huua karibu asilimia 100.

Hata hivyo kinga yake ni ya zamani. Louis Pasteur alimchanja mtoto wa miaka tisa aliyeng'atwa na mbwa Julai 1885, huko Paris, na mtoto akaishi. Ile safari ndefu ya kirusi kwenye mishipa ndiyo inayoipa chanjo nafasi: mwili huweza kufundishwa kujikinga kabla adui hajafika ubongoni. Ni magonjwa machache mno ya ubongo yanayompa binadamu muda wa namna hiyo. Je, kuna haki gani kwa muda huo kuishia kwenye kutafuta nauli?

Vifo visivyoandikwa

Kwa makadirio yanayotumiwa na Shirika la Afya Duniani, kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, na takriban wanne katika kila kumi ni watoto chini ya miaka 15. Karibu maambukizi yote ya binadamu, asilimia 99, hutokana na mbwa. Kwa Tanzania, hesabu iliyofungua watu macho ilichapishwa mwaka 2002 na Sarah Cleaveland na wenzake. Taarifa rasmi zilikuwa zikionyesha wastani wa vifo kama 11 kwa mwaka. Watafiti hao walianza na idadi ya watu wanaong'atwa na mbwa wanaoshukiwa kuwa na kichaa, wakafuata uwezekano wa kila jeraha kuzaa ugonjwa, wakafika kwenye makadirio ya vifo karibu 1,500 kwa mwaka. Tofauti ni zaidi ya mara mia moja.

Wafu hao walienda wapi? Wengi hawakufika hospitali kabisa. Waliofika, baadhi waliandikiwa ugonjwa mwingine. Nchini Malawi, utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulirudia kuchunguza vifo 26 vilivyokuwa vimehesabiwa kuwa vya malaria ya ubongo; vitatu kati yake vilikuwa vya kichaa cha mbwa. Mkoa wa Mara nao una malaria, na mtoto mwenye homa, degedege na maneno yasiyoeleweka atapimwa malaria kwanza, kama inavyopasa. Tatizo huanza pale ambapo hakuna anayeuliza kama kuna mbwa aliyemng'ata mwezi uliopita. Nje ya hospitali maelezo huwa mengine: amerogwa, amepandisha mizimu, amerukwa na akili. Familia hupeleka mgonjwa kwa mganga, fedha huteketea, na baada ya mazishi hufuata maneno kati ya majirani au kati ya wake wenza kuhusu nani alihusika. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hapa kifo chenyewe hufichwa ndani ya jina la ugonjwa mwingine, na kisichohesabiwa hakitengewi fedha.

Serengeti ilivyoifundisha dunia

Wengi wanaijua Serengeti kwa nyumbu na watalii. Kwa wataalamu wa kichaa cha mbwa, Serengeti ni kitu kingine: ni miongoni mwa mahali ambako ugonjwa huu umechunguzwa kwa kina kuliko kwingineko duniani, na maarifa hayo yametoka kwenye vijiji vya pembezoni mwa hifadhi, kwa watu waliokubali kuulizwa mbwa wa nani alimng'ata nani.

Chanzo kimojawapo cha uchunguzi huo ni simba. Mwaka 1994 simba wa Serengeti walianza kuonekana wakitetemeka na kupatwa na degedege, na takriban theluthi moja yao walikufa. Kilichowaua ni kirusi cha homa ya mbwa, ndugu wa kirusi cha surua, na macho yakageukia mbwa wa vijijini, ambao hubeba kichaa pia. Kuanzia mwaka 1996 mbwa wa Wilaya ya Serengeti walichanjwa dhidi ya kichaa kwa kampeni za kila mwaka. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 na Cleaveland, Magai Kaare na wenzao yalionyesha kwamba ugonjwa kwa mbwa ulipungua kwa asilimia 70 baada ya kampeni ya kwanza na asilimia 97 baada ya ya pili. Watu waliokuwa wakifika hospitali na majeraha ya mbwa wanaoshukiwa nao walipungua.

Kulikuwa na hoja moja ya kukatisha tamaa: kwamba hifadhi imejaa mbweha, fisi na nyegere, hivyo hata mbwa wote wakichanjwa ugonjwa utarudi kutoka porini. Tiziana Lembo na wenzake walifuatilia hoja hiyo kwa miaka, wakichunguza ubongo wa wanyama waliokufa na aina za virusi walivyobeba. Jibu lililochapishwa mwaka 2008 lilikuwa wazi: wanyamapori huambukizwa, lakini anayeuweka ugonjwa hai katika eneo la Serengeti ni mbwa wa nyumbani. Ukikatika kwa mbwa, porini hauna mizizi.

Kazi iliyohitaji uvumilivu kuliko zote ni ile ya kufuata nyayo. Kuanzia mwaka 2002 hadi 2016, watafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow na wenzao wa Tanzania walizunguka Wilaya ya Serengeti nyumba kwa nyumba, wakiuliza mbwa mgonjwa alitoka wapi na aling'ata nani. Walikusanya matukio 3,612 ya wanyama walioambukizwa, katika wilaya yenye mbwa kama 50,000. Ilidhihirika kwamba mbwa mmoja mgonjwa, kwa wastani, huambukiza mbwa mmoja tu na kidogo zaidi. Wengi hawaambukizi hata mmoja. Wachache hukimbia kilomita nyingi na kung'ata kila wanachokikuta. Hata ugonjwa ulipopamba moto, mbwa walioambukizwa kwa wakati mmoja hawakufika wawili katika kila elfu. Kumbe moto huu ni mdogo. Unadumu kwa sababu tu hakuna anayemalizia makaa.

Bei ya jino moja

Familia ya Machochwe haihesabu kwa wastani. Mtoto aking'atwa, hatua ya kwanza haina gharama kubwa: kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, mara moja, bila kusubiri gari. Sabuni huua kirusi. Si pilipili, si mafuta ya taa, si majani yaliyosagwa, ambayo huongeza uchungu na kuchelewesha. Baada ya hapo inahitajika chanjo, na kama jeraha limepenya ngozi, dawa ya kingamwili zilizo tayari ambayo huchomwa kwenye kidonda chenyewe.

Hapo ndipo ugumu unapoanza. Chanjo ya binadamu kwa kawaida hukaa hospitali ya wilaya, na kwa watu hawa hiyo ni ile ya mjini Mugumu. Ikikosekana huko, safari inaendelea Musoma au Mwanza. Dawa ya kingamwili ni adimu zaidi. Dozi si moja. Mtoto lazima arudi siku ya tatu na ya saba, na katika utaratibu wa zamani wa sindano tano, tena hadi siku ya 28. Kila safari ni nauli ya watu wawili, chakula cha njiani, na siku moja ya shamba iliyopotea. Utafiti wa Maganga Sambo wa Taasisi ya Afya ya Ifakara na wenzake, uliochapishwa mwaka 2013, ulionyesha kwamba kwa kaya za vijijini kukamilisha tiba hii kungegharimu zaidi ya dola 100 za Marekani. Fedha hiyo haikai ndani ya kaya ya mkulima ikisubiri. Huuzwa mbuzi, wakati mwingine ng'ombe, kwa bei ya mtu mwenye haraka, na mnunuzi anajua hivyo.

Hivyo mzazi hulazimika kufanya hesabu ambayo hakuna mzazi anayestahili kuifanya. Mbwa alikuwa mgonjwa kweli, au alichokozwa tu? Kidonda ni kidogo, tusubiri tuone? Baada ya dozi mbili mtoto anacheza vizuri. Ya tatu ina haja gani? Hesabu hizi haziletwi na ujinga wala uzembe, kama zinavyosemwa wakati mwingine kwenye semina. Zinaletwa na umbali. Na wasiwasi wa miezi ya kusubiri, ambapo kila homa ya mtoto humfanya mama amtazame anavyokunywa maji, hauingii kwenye takwimu yoyote ya afya ya akili.

Kuna nafuu inayokuja. Tangu mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani linapendekeza utaratibu wa kuchoma dozi ndogo ndani ya ngozi kwa siku tatu tu, ndani ya wiki moja, unaookoa dawa na nauli. Mwaka 2024 muungano wa chanjo wa Gavi ulifungua milango ya kuzisaidia nchi kupata chanjo ya binadamu ya kichaa cha mbwa. Ni habari njema. Lakini bado ni maji ya kuzima moto, na moto unawashwa kwingine.

Fimbo haijawahi kuumaliza

Kila mlipuko unapotokea huja amri ileile: mbwa wote wazururaji wauawe. Amri hii huonekana kama kazi, na hupoza hasira. Lakini ufuatiliaji wa Serengeti na kwingineko umeonyesha kwamba wingi wa mbwa hauamui sana kasi ya ugonjwa. Unaenea kwa karibu kasi ileile penye mbwa wengi na penye wachache. Kwenye kuua, wanaokufa kwanza ni wale waliofungwa na kutunzwa, pengine wameshachanjwa, na nafasi zao hujazwa na watoto wa mbwa wasio na kinga yoyote. Mchungaji aliyeuliwa mbwa wake wa zizi hatafuga ng'ombe bila mbwa. Ataleta mwingine kutoka kijiji cha pili, na huenda akaja na ugonjwa.

Kinachofanya kazi ni kuchanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo na kuhakikisha kinga haianguki chini mno kabla ya awamu inayofuata. Kaare na wenzake walikadiria kwamba katika vijiji vya wakulima wafugaji, kumchanja mbwa kwenye kituo cha pamoja hugharimu chini ya dola 2. Iwekwe kando ya zile dola 100 za mtoto mmoja. Anayedai kwamba nchi haina fedha za mbwa atueleze imepata wapi fedha za kulipa gharama iliyo kubwa zaidi; au akubali kwamba wanaolipa ni wengine.

Chungu na mtu wa kijijini

Ugumu uliobaki ni wa utekelezaji. Timu ikija na gari siku moja kwa mwaka, watoto hufika uwanja wa shule wakivuta mbwa kwa kamba, lakini mbwa wakali, wazee na vitoto hubaki nyumbani. Halafu mbwa wa vijijini hawaishi sana. Katika miezi michache waliochanjwa hufa, wengine huzaliwa, na ukuta wa kinga hubomoka kabla gari halijarudi. Ufa usipozibwa, msemo unajulikana.

Swali lililoulizwa Mara ni rahisi: kwa nini chanjo isikae kijijini, ikachanjwa mwaka mzima na mtu anayefahamiana na mbwa kwa majina? Kikwazo kilikuwa umeme na friji. Mwaka 2016 Felix Lankester na wenzake walionyesha kwamba chanjo moja ya mbwa hubaki na nguvu hata ikihifadhiwa miezi sita kwenye nyuzi 25 za Selsiasi, au miezi mitatu kwenye nyuzi 30. Ahmed Lugelo na wenzake wakaifanyia kazi nafasi hiyo kwa kutengeneza chombo cha kupoza kisicho na umeme, chenye asili ya chungu ndani ya chungu, maji yakipoza kwa kufuka. Majaribio ya njia hii, ambapo ofisa mifugo wa kata akishirikiana na mwanakijiji huchanja mfululizo badala ya kusubiri msafara, yalifanyika katika Mkoa wa Mara. Inapendeza kuona teknolojia ya bibi ikisimama pamoja na maabara. Lakini chungu hakimlipi mchanjaji posho, wala hakinunui dozi za mwaka ujao. Hilo ni la halmashauri.

Kisiwa na mpaka

Ushahidi kwamba ugonjwa unaweza kumalizwa kabisa upo ndani ya nchi hii. Kisiwani Pemba kampeni za chanjo zilianza mwaka 2010, na kufikia mwaka 2014 kichaa cha mbwa kilikuwa kimetoweka. Chanjo ikalegea. Mwaka 2016 ugonjwa ukaingia tena, na uchunguzi wa vinasaba vya virusi uliofanywa na Kennedy Lushasi na wenzake ulionyesha kwamba kirusi kilichokuwapo awali kilikuwa kimekwisha kweli. Hiki kililetwa kutoka nje. Chanjo ikarudishwa, na mwaka 2018 ukakatika kwa mara ya pili. Miaka miwili ya vifo na hofu ndiyo iliyokuwa gharama ya kulegea.

Mara haijazungukwa na bahari. Tarime na Serengeti zinapakana na Kenya, na ng'ombe, watu na mbwa huvuka bila kupiga mhuri. Ndugu wa ukoo mmoja wako pande zote mbili. Mpango wa kimataifa wa mwaka 2018 unataka vifo vya binadamu vitokanavyo na mbwa vikome ifikapo 2030, na Kenya ilijiwekea mwaka huohuo wa mwisho katika mkakati wake wa 2014. Tarehe hizo zina maana tu iwapo kampeni za Mara na za kaunti za Migori na Narok zitapangwa msimu mmoja, zikiwa na daftari moja la mbwa waliochanjwa na simu moja ya kupeana taarifa kati ya maofisa mifugo wa pande mbili. Mbwa aliyechanjwa upande mmoja wa mpaka hawezi kumkinga mtoto wa upande wa pili ikiwa mbwa wa huko hawajaguswa.